Ulinganisho: seti ya plastiki, resini, udongo wa oveni au printa ya 3D, ipi inafaa kwa sanamu ya muvi ya utotoni?

Panga_na_Ngao:
Wakuu habari za muda huu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela maana nikishatoa hela huwa sisikii tena la mtu. Kuna ile muvi ya 1963, Jason and the Argonauts, najua humu wengi mliiona mkiwa wadogo, ile sehemu ya mwisho mifupa inachomoza ardhini na panga na ngao, inakuja taratibuuu halafu ghafla inapiga ukelele na kukimbilia watu. Mimi ile sini nilikuwa naiangalia kwa vidole usoni na ikiisha naomba irudishwe nyuma. Sasa nimekua, nina meza, nina taa, nataka nitengeneze mfupa mmoja tu, yaani mtu mzima mzima wa mifupa, urefu sentimita 30 hivi, mkono mmoja umeinua upanga mwingine una ngao.

Nimezunguka sana kwenye video na nimebaki na njia nne kichwani: kununua seti ya plastiki ya kuunga, kununua seti ya resini au vinaili, kuchonga mwenyewe kwa udongo wa kuoka, au kuprinti kwa 3D. Kila video inasema njia yake ndio njia. Kupaka rangi naweza kiasi, kuchonga sijawahi kabisa. Kinachoniuma roho ni mkao, sitaki kitu kimesimama wima kama mlinzi wa geti, nataka ukikiona uhisi kinakufuata. Karibuni.

msasa400:
Karibu kwenye huu ugonjwa mkuu, hauna dawa.

Mimi nasema anza na seti ya plastiki na wala usione aibu. Faida yake kubwa ni kwamba umbo limeshafikiriwa na mtu mwingine, wewe unabaki na kazi ya kukata vipande kwenye fremu, kusawazisha kwa tupa na msasa, kuunga na kupaka rangi, na hizo ndio kazi utakazozihitaji hata ukija kuchonga mwenyewe baadaye. Gundi ya polistairini watu wengi hawaielewi, ile haigandishi kama gundi nyingine, inayeyusha plastiki pande zote mbili kidogo halafu zinakuwa kitu kimoja, ndio maana ukiunga vizuri na ukapiga msasa mstari unapotea kabisa. Ila ukimwaga nyingi inakula sura ya sanamu, nusu tone linatosha.

Na kwa taarifa yako hizi seti za viumbe vya muvi zenyewe zilizaliwa na watoto wa aina yako. Marekani muvi za kutisha za miaka ya 1930 zilianza kuoneshwa kwenye televisheni 1957, watoto wakapagawa na mazimwi yaliyotisha wazazi wao, kampuni ya Aurora ikaona hapo pana biashara ikatoa seti ya Frankenstein 1961, ikauza hatari, ikafuata Dracula na wengine. Aurora yenyewe ilishakufa zamani lakini zile seti mpaka leo kuna kampuni zinazitoa upya kwa sababu wale watoto wamekuwa wazee wenye hela hahaha.

Ubaya wake nakwambia wazi: mkao ni ule ulioko kwenye boksi. Na kama kiumbe chako hakuna kampuni iliyokitoa basi hadithi imeishia hapo.

Mama Resini:
Msasa400 kaeleza vizuri ila kaishia getini. Ngoja nikuingize ndani mwanangu.

Kuna vitu viwili watu wanavichanganya. Vinaili ni ile plastiki laini, vipande vina uwazi ndani, unavilainisha kwa maji ya moto au mashine ya kukaushia nywele ndio unakata ziada kwa kisu, ukijaribu kukata ikiwa baridi utakata kidole. Ni nyepesi, haivunjiki hata ikidondoka, na inapendeza sana kwa viumbe vinene, madinosaria, mijusi mikubwa, majitu. Ubaya inalegea kwa miaka, miguu inainama kwa uzito, kwahiyo wengi wanajaza plasta miguuni. Kwa mfupa wako usihangaike nayo, mfupa ni mwembamba na vinaili haipendi vitu vyembamba.

Resini ya kumimina ndio mambo. Hiyo ni plastiki ya maji inayomiminwa kwenye kalibu ya silikoni na kukaza humo, inashika kila mkwaruzo. Hizi seti zilishamiri Japani miaka ya 1980, mashabiki walikuwa wanataka viumbe ambavyo makampuni makubwa hayana mpango navyo, wakajichongea na kujimiminia wenyewe nyumbani, kalibu ya silikoni inatoa nakala chache tu kabla haijachoka, kwahiyo zinakuwa chache na ghali. Mpaka leo pale kuna tamasha la Wonder Festival ambapo wenye haki za muvi wanatoa ruhusa ya siku moja tu, unauza sanamu zako siku ile ile na kesho yake huna ruhusa. Mimi napenda ule utaratibu kuliko kitu chochote, shabiki anafanya yake na mwenye mali anajua.

Ukinunua resini osha kwanza kwa maji na sabuni kwa sababu ina mafuta ya kalibu, usipoosha rangi itabanduka kama ngozi ya nyoka. Viungo vyote toboa kwa drili ndogo uweke kipande cha waya wa shaba ndani kabla ya gundi, mkono ulioinua upanga usiutegemee gundi peke yake. Na vumbi lake siyo la kuchezea, piga msasa ukiwa umelowesha kwa maji na vaa barakoa ya kuzuia vumbi, siyo kitambaa.

Jingine, kuna watu wanachukua kazi ya mtu wanaitengenezea kalibu na kuuza nakala kwa bei ya kutupa. Mbali na kwamba ni wizi, kila nakala ya nakala inasinyaa kidogo na kupoteza mikwaruzo, unapata kitu kama sabuni iliyotumika.

kimya_kingi:
Nimeweka kambi hapa, endeleeni wajuzi.

KidoleGumba:
Naona wote mnampeleka dukani. Mkuu Panga, huyo mfupa unaoutaka alitengenezwa na mtu mwenye ugonjwa kama wako kabisa kabisa. Ray Harryhausen aliingia kuangalia King Kong mwaka 1933 akiwa na miaka 13, akatoka mle hajielewi, akaanza kutafuta ile sokwe ilitembeaje. Mdoli wake mmoja wa mwanzo alikuwa dubu, na manyoya alikata kwenye koti la mama yake. Baba yake alikuwa fundi mitambo, baadaye ndio akawa anamchongea viungo vya chuma vya ndani. Yaani mama koti, baba viungo, mtoto kichaa. Na ile mifupa saba ya 1963 haikuwa ya kitu cha ajabu, ni kiunzi cha chuma kimevikwa pamba iliyochovywa mpira wa maji. Kila mfupa una kichwa, mikono miwili na miguu miwili, na muvi ya midoli inapigwa picha moja moja, mdoli ukisogezwa kidogo kila mara, kwahiyo kwa kila picha moja alikuwa anasogeza vitu 35 kwa mkono wake mwenyewe, na sekunde moja ya muvi ni picha 24. Ile vita ya dakika chache ilimla zaidi ya miezi minne.

Sasa unaniambia huyo mtu unamuenzi kwa kununua boksi? Sawa ni hiari yako, mi nakupa njia.

Chukua waya wa alumini wa milimita 2, ukunje kwa mbili na kuusokota, tengeneza kijiti cha mtu: uti wa mgongo, mabega, nyonga, mikono, miguu. Miguuni acha waya mrefu uzame kwenye ubao wa chini. Hapo hapo, kabla ya kugusa udongo, kaa na huo waya jioni nzima unaukunja tu. Pinda magoti, sukuma nyonga mbele, bega moja juu, shingo iingie mbele ya kifua. Mkao wote unaoulilia unapatikana kwenye hatua ambayo haina udongo hata chembe, na ni hatua ambayo watu wengi wanaipita mbio kwa sababu haionekani nzuri kwenye picha.

Udongo wa oveni unaokwa nyuzi 130 za Selsiasi, robo saa kwa kila unene wa milimita 6. Usipandishe moto ili iwahi, ule ni plastiki ya PVC ndani yake, ukiunguza unatoa hewa mbaya sana ya kuvuta, bora kupunguza moto na kuongeza muda. Namba zilizoandikwa kwenye kitasa cha oveni usiziamini, weka kipimajoto ndani. Panapohitaji unene, kama fuvu, jaza foili iliyobanwa ndani ndio uvike udongo juu, unaokoa udongo na unaiva sawasawa. Na siyo lazima uoke mara moja, choma fuvu kwanza, kisha mbavu, kisha kitu kingine juu yake, inakubali.

Tatizo la mfupa wako ni kwamba kila kitu ni chembamba, udongo wa oveni juu ya waya mwembamba ukitikisika unapasuka. Kwahiyo mbavu, vidole na mikono tumia puti ya epoksi, ile ya sehemu mbili unakanda pamoja, inagandia waya kama kupe na haihitaji oveni, unapata muda wa saa moja hivi wa kuichezea kabla haijakaza. Fuvu fanya kwa udongo wa oveni maana utataka kulirekebisha mara mia.

Halafu usichanganye na plastisini ya watoto, ile haikazi milele. Ndio inatumika kwenye muvi za midoli za Wallace na Gromit kwa sababu hiyo hiyo, wanataka isogee kila picha, ukiangalia vizuri unaona mpaka alama za vidole. Ukiitia kwenye oveni utapata supu.

Panga_na_Ngao:
Dah KidoleGumba umeniharibia usingizi. Koti la mama sikulijua.

Swali: mbavu. Mbavu zile zinafanywaje jamani maana kila nikifikiria naona kama kufuma kikapu.

KidoleGumba:
Waya mwembamba zaidi, milimita 1 au chini. Zungushia kwenye kitu cha duara ili zote ziwe na mkunjo mmoja, zikate, toboa uti wa mgongo uliovikwa puti kabla haijakaza, chomeka jozi kwa jozi, ziache zikaze, ndio uvike kila moja ngozi nyembamba ya puti kwa kidole kilichoguswa maji. Binadamu ana jozi 12 lakini hakuna mgeni atakayekuja kukuhesabia, ukiweka 10 zikakaa vizuri ni bora kuliko 12 zilizobanana.

printa_usiku:
Mmemaliza? Haya.

Nimeona watu wanasema printa kama kwamba ni kitu kimoja. Zile za nyuzi za plastiki, zinazoyeyusha na kupanga tabaka, tabaka lake la kawaida ni milimita 0.2, kwa fuvu la sentimita 4 utaona mistari kama ngazi, utapiga msasa mpaka uchoke. Na plastiki ya PLA inaanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi, usiiache kwenye gari juani. Kwa sanamu ya aina hii unataka printa ya resini ya mwanga, ile ya maji inayokazwa kwa mwanga, tabaka milimita 0.05 au chini, mistari huioni kabisa. Meno unayapata, mishono ya fuvu unaipata.

Faida ambayo hakuna aliyeitaja ni kwamba kwenye kompyuta hakuna uoga. Umekunja mkono vibaya? Unaurudisha. Unataka sentimita 30 badala ya 20? Unaandika namba. Unaweza kuprinti mkono wa kulia matoleo matatu ukachagua. Kwa mtu asiyewahi kuchonga na ambaye roho yake iko kwenye mkao, hiyo ni kitu kikubwa, unaweza kukaa unazungusha mdoli kwenye skrini mpaka uridhike ndio utumie resini.

Ubaya nao nautaja sijifichi. Resini mbichi ni sumu kwa ngozi, glavu za naitraili kila saa, dirisha wazi, unaosha na pombe ya isopropili halafu unakausha kwa mwanga wa urujuanimno. Chumba unacholala usiweke hii mashine. Vitu vyembamba vinatoka vikavu, mkono wa mfupa ukidondoka unakatika kama chaki, kwahiyo changanya na resini ya kunyumbulika kidogo au acha tundu katikati ya mfupa upitishe waya wa chuma. Na nguzo za kushikilia, zile zinazoprintiwa pamoja na sanamu ili vipande visining'inie hewani, kwenye mbavu zitakuwa nyingi kuliko mbavu zenyewe, kuzikata bila kuacha makovu ni kazi ya subira.

KidoleGumba:
Kubonyeza kitufe siyo kutengeneza, samahani.

printa_usiku:
Haya tumeanza. Kaka, Coraline ya 2009 ni muvi ya midoli inayosogezwa kwa mkono picha kwa picha, mambo yale yale unayoyapenda, na zile nyuso zote zilizokuwa zinabadilishwa zilitoka kwenye printa ya 3D halafu zikapakwa rangi kwa mkono. Sasa hao nao walibonyeza kitufe?

KidoleGumba:
Hao walichonga uso kwanza ndio wakaprinti. Panga atapakua faili la mtu.

printa_usiku:
Hapo nakuelewa. Akipakua faili ni sawasawa na seti ya msasa400, umbo la mtu mwingine mkao wa mtu mwingine. Akichonga kwenye kompyuta ni sawasawa na wewe, tofauti vidole havichafuki. Kwahiyo ugomvi siyo printa.

msasa400:
Na mimi sijakasirika kuitwa wa dukani 😂

Bi Kitambo:
Wanangu nimewasoma wote, mnalinganisha vifaa na hamjamuuliza mwenzenu anachokumbuka ni nini. Mimi naona hapo ndio penye jibu.

Watu wakisema wanataka kutengeneza kitu cha muvi ya utotoni huwa wanataka mojawapo ya vitu viwili tofauti kabisa. Kuna anayetaka kile kilichokuwa kwenye skrini, na kuna anayetaka kile alichotoka nacho kichwani. Chukua Godzilla wa 1954. Waulize watu rangi yake, wengi watakwambia kijani, na muvi ile haina rangi kabisa, na vazi lenyewe alilovaa mwigizaji lilikuwa la kijivu cha mkaa. Ule ukijani watu wameupata kwenye mabango na vikatuni na midoli iliyokuja baadaye. Sasa wewe ukitengeneza wako, unampaka rangi gani? Ukimpaka mkaa uko sahihi na unaweza kumtazama kwenye rafu usimtambue. Ukimpaka kijani wajuzi watakucheka na wewe utafurahi kila ukipita.

Kwenye vikatuni ndio balaa zaidi. Mickey Mouse masikio yake ni duara mbele, duara pembeni, duara popote anapogeukia, jambo ambalo haliwezekani kwa kitu chenye unene. Ukimchonga lazima uchague upande mmoja wa kumtazamia, upande mwingine atakuwa mgeni. Hata Disney wenyewe walilijua hilo, mwishoni mwa miaka ya 1930 walifungua idara nzima chini ya Joe Grant ya kuchonga sanamu ndogo za wahusika ili wachoraji wajue yule mtu anafananaje akigeuka, Pinocchio alipita pale. Kwahiyo wakati mwingine kuchonga kunakuja kabla ya kuchora.

Panga wewe umesema mwenyewe, unataka uhisi kinakufuata. Hukusema meno, hukusema rangi ya mfupa, umesema mwendo. Sasa mtu anayekumbuka mwendo ukimpa printa yenye mistari isiyoonekana unampa jibu la swali la mwingine. Seti ya dukani ndio usahau kabisa. Kwako ni waya. Mwenye kukumbuka ngozi, magamba, uso wa mtu fulani, huyo ndio mpeleke kwenye resini na printa.

Na kabla hujairudia ile muvi, chukua penseli uchore mkao kama ulivyo kichwani, hata kama mchoro mbaya. Ukishairudia huwezi tena kuukumbuka ule wa kwanza, macho yataufuta.

msasa400:
Bi Kitambo kwa heshima zote hapo mwisho nakataa. Airudie muvi kwanza, asimamishe picha, apige picha za skrini kila pembe. Kumbukumbu inadanganya, atachonga mfupa mwenye mabega ya mwanamieleka halafu aje atuulize kwanini haufanani.

Bi Kitambo:
Usifanane na nini? Ndio swali langu lile lile.

MtuWaVipuri:
Nawasikiliza tu hapa na mashindano yenu. Kuna njia ya tano. Zipo modeli za mifupa za kufundishia anatomia, zile ndogo za kuweka mezani, plastiki. Fuvu lipo, mbavu zipo zote, nyonga ipo. Nunua hiyo, kata kwenye magoti, viwiko, mabega na shingo, toboa pitisha waya, ukunje unavyotaka, mapengo ya viungo funika kwa puti. Ule uti wa mgongo uliosimama wima kama mwanafunzi wa bweni ukate vipande vitatu uupinde mbele. Mbavu umeruka, kikapu hufumi.

Na asije mtu kuniambia siyo kutengeneza, vyombo vya angani vya Star Wars ya 1977 vilijazwa vipande vya seti za vifaru na meli za dukani, walikuwa wananunua maboksi na maboksi ili kung'oa vidude vya kubandika. Ukijua hilo ukaangalia tena unaanza kutafuta vifaru angani.

printa_usiku:
Hii ni akili. Sijui kwanini hatukuianza.

KidoleGumba:
Inakubalika kwa mbavu na nyonga tu. Fuvu achonge mwenyewe, fuvu la darasani limetulia, halina hasira. Yale ya kwenye muvi mtu anaona yanacheka na kukasirika kwa wakati mmoja, hiyo huipati kwa puti ya kuziba. Akitaka kujaribu asogeze taya chini na kulivuta mbele kidogo, matundu ya macho yaegemee ndani kwenye pua, afanye ukingo wa juu wa jicho uwe mzito ili kivuli kiingie. Hasira ya fuvu yote ni kivuli.

Mama Resini:
Kabla hajakimbia niseme la rangi kwa sababu humu kila wiki mtu analia. Udongo wa oveni na rangi za spirei havipatani, nyingi zinabaki zinanata miezi na miezi, zile kemikali za spirei zinagombana na vilainishi vya udongo. Tumia akriliki ya brashi, praima ya akriliki, ile rangi ya kwanza ya chini, nayo ya brashi. Kwenye puti ya epoksi iliyokaza, resini iliyooshwa na plastiki, spirei ni sawa.

Na mfupa siyo mweupe. Anza na kahawia iliyokolea kote mpaka uhisi umeharibu, halafu brashi kavu, yaani iliyofutwa rangi karibu yote, rangi ya mchanga, halafu ya pembe ya ndovu, nyeupe iguse kwenye vichwa vya magoti, kingo za macho na meno tu. Ukitoka na nyeupe ukajaribu kuichafua baadaye inakuwa kama mfupa uliomwagiwa chai.

kimya_kingi:
Mie nina swali la kizembe. Mtu anayetaka sokwe wa 1933 mwenye manyoya anatumia nini? Mana hapo hakuna aliyegusa manyoya.

Mama Resini:
Chaguzi ni mbili, kuyachonga au kuyavika. Ukiyachonga kwenye udongo inakuwa na nguvu na hainasi vumbi. Ukivika, tafuta manyoya mafupi kabisa, kwa sababu nywele ndefu kwenye sanamu ndogo inageuka mbwa wa mapambo. Yule wa kwenye muvi walimvika ngozi ya sungura, na ukitazama manyoya yanacheza cheza mwili mzima kama upepo unapita, kumbe ni vidole vya waliokuwa wanamsogeza vinayavuruga kila picha. Sasa kama unakumbuka lile vurugu la manyoya, vika. Kama unakumbuka ukubwa na kifua chake, chonga.

Panga_na_Ngao:
Wakuu nimesoma mpaka chini mara mbili. Uamuzi: waya kwanza, jioni nzima kama KidoleGumba alivyosema, na mchoro nimeshauchora leo kabla ya kuirudia muvi (samahani msasa400, ni mbaya sana lakini nimeelewa Bi Kitambo alichotaka, nimechora mguu mmoja uko hewani na sikumbuki kama kwenye muvi upo hivyo). Mbavu na nyonga nitatoa kwenye modeli ya anatomia. Fuvu la udongo wa oveni, mikono puti. Printa naiweka kiporo, ila printa_usiku nitakutafuta kwa ajili ya kingine kichwani.

Limebaki la ngao na upanga. Ngao ya duara yenye tumbo, natengeneza kwa nini?

printa_usiku:
Ngao ndio uprinti hahaha, nilijua utarudi.

msasa400:
Acha tamaa. Karatasi ya plastiki ya polistairini ya milimita 1, ipashe moto mpaka ilegee, ibonyeze juu ya kitu chenye mgongo wa duara, ishikilie mpaka ipoe, ndio ukate duara baada ya kupinda na siyo kabla, ukikata kabla inakuwa yai. Ukingo zungushia kamba ya plastiki.

KidoleGumba:
Na upanga uwe na waya mmoja unaoanzia kwenye mfupa wa mkono, unapita kiganjani na kuingia kwenye mpini, usibandike upanga kwenye kiganja kilichokwisha kukauka. Weka waya ule sasa hivi wakati bado ni kijiti, vidole utavifungia juu yake mwisho. Tuma picha ya waya kabla hujaweka puti, hiyo ndio nataka kuiona, siyo iliyopakwa rangi.